Picha ya Meli na Mwisho Nilioubadilisha

Watu waliosoma kuliko mimi wameisema vibaya sana ile picha ya sinema ya meli inayozama. Wanasema ni ndefu mno, inawakamua watu machozi kwa nguvu, na inawafundisha vijana kupendana bila kuuliza wazazi. Wanasema pia kwamba mtu anayekufa ndani ya maji baridi hawezi kusema maneno mengi kiasi kile. Nimewasikia miaka hii yote nikanyamaza, kwa sababu ndivyo nilivyo. Sasa nataka kuitetea, ingawa niliiona mara moja tu, kwenye televisheni ndogo ndani ya duka la mabati pale Kabati, nikiwa nimesimama ubavuni mwake huku jasho likinitiririka mgongoni. Mimi ndiye niliyewatafsiria watu picha hiyo. Na niliitafsiri kwa uongo.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la saba. Kiingereza nilichonacho nilikipata kanisani, nikisimama kando ya wahubiri wageni tangu nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Mhubiri mmoja mzee ndiye aliyenifundisha kazi ya ukalimani, na alinipa sheria moja: usiongeze, usipunguze. Mhubiri akisema Mungu amekasirika, usimpoze. Akitoa mzaha usiochekesha, nawe utoe vilevile, watu wakae kimya, hiyo ni shauri yake. Kwetu ibada ilikuwa ya Kiswahili kwa sababu ya walimu na wafanyabiashara waliohamia kutoka upande wa mlima, na mgeni akija ilikuwa ya Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kuyaweka yote katika Kikamba kwa ajili ya wazee, hasa akina mama wazee ambao hawakuwa na lugha nyingine.

Mke wangu alikaa benchi la pili upande wa wanawake. Nikianza kukimbia na maneno, alikuwa akipangusa midomo kwa ncha ya leso, nami nikapunguza mwendo. Hakuna mtu mwingine aliyejua.

Kwingine kokote sikuwa mtu wa kuhesabiwa. Nililima pojo na mbaazi, nilikuwa na mbuzi wachache, na mikutanoni sikuwa mtu wa kusimama kusema. Lakini pale kando ya mimbari neno langu lilikuwa neno. Watu wakibishana juu ya mahubiri njiani, mmoja akisema, "Mkalimani alisema hivi," ubishi ulikwisha. Nilikipenda kitu hicho kuliko nilivyopaswa kukipenda.

Halafu mke wangu akaugua tumbo. Lilianza kama kitu cha kupita. Tulipofika hospitali kubwa ya mjini alikuwa amekonda hadi pete yake aliifunga kwa uzi isianguke. Daktari alikuwa mgeni, mtu mpole, hakujua Kikamba wala Kiswahili cha kutosha. Muuguzi aliyekuwa akimsaidia kwa lugha hakuwepo asubuhi ile, na daktari akataka kumtafuta mwingine. Mimi nikamwambia asijisumbue. Nikamwambia, na nakumbuka nilivyojisikia nikisema, kwamba mimi ni mkalimani.

Alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mke wangu. Akasema polepole kwamba uvimbe umefika kwenye ini, kwamba hakuna upasuaji wala dawa ya kuuondoa, kwamba zimebaki siku chache, labda wiki mbili, na watajitahidi asisikie maumivu. Akasema kama kuna watu anaotaka kuwaona, waitwe sasa. Kisha akaningojea.

Mke wangu alikuwa akinitazama mdomoni, vile alivyozoea kanisani.

Nikasema, "Anasema ni uvimbe. Anasema dawa ipo, ila inachukua muda. Wiki mbili hivi utakuwa nyumbani."

Daktari aliuliza kama ameelewa. Mke wangu aliinamisha kichwa kumshukuru, akatabasamu. Daktari akaona tabasamu lile, akamshika mkono, nadhani aliona ni mwanamke jasiri sana. Nami nilisimama kati yao wawili nikiwa nimewadanganya wote.

Aliishi siku kumi na moja. Siku zote hizo alizungumza juu ya kupanda. Mvua ilikuwa karibu, akaniuliza kama nimetenga mbegu za pojo, akaniambia upande wa bonde nisiweke mbaazi tena, udongo umechoka. Siku ya nne aliniuliza kama amwite mama yake kutoka Mbooni. Nikamwambia hakuna haja ya kumchosha mama na safari, atakwenda kumwona mwenyewe akipona. Nikaandika na barua, nikampa mtu wa basi la Machakos aipeleke: mgonjwa anaendelea vizuri. Nilikuwa nimeshaanza, sikujua mahali pa kuachia. Kila asubuhi niliogopa kwamba atajua, na kila jioni niliogopa kwamba hatajua.

Mama mkwe alifika siku mbili baada ya kifo. Barua ya kwanza ilikuwa imemkuta nyumbani, ya pili, ya msiba, ilipishana naye njiani. Alikuwa amepanda magari mawili akiwa na chondo cha machungwa ya mgonjwa mgongoni, ukanda kwenye paji la uso. Aliingia kwetu akakuta watu wamekaa uani na mabenchi ya kanisa yamepangwa. Hakulia hapo hapo. Alikitua chondo kwanza, akaweka vizuri chungwa moja lililotaka kubiringika, ndipo akaketi chini.

Kwetu mkwe na mama mkwe wana heshima yao, tunaiita nthoni. Sikumpa mkono. Sikumtazama usoni. Sikula mbele yake, na yeye akipita uani mimi nilipisha. Jambo likiwepo la kusemwa, lilipitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo alimtuma jirani yetu mmoja, mjane mzee wa kanisani mwetu, aje aniulize mwanawe alisema nini mwishoni. Nilimwambia jirani amwambie kwamba alilala kwa amani. Jirani alikwenda akarudi. Akasema, "Mama anauliza, alisema nini, si alilalaje." Nikamwambia hakusema kitu.

Tangu siku hiyo nilimwogopa yule mama kuliko kitu chochote. Si kwamba alinifanyia ubaya. Kila msimu wa palizi alikuwa akishuka kutoka Mbooni, akakaa na watoto wangu watatu, akawapikia, akalima upande wa bonde ambao sikuweka mbaazi. Alilala na watoto kwenye nyumba ya jikoni. Asubuhi nilisikia kikohozi chake nikabaki ndani hadi nijue amepita. Niliogopa kwamba siku moja atamtuma tena jirani na swali lile.

Hapo ndipo picha ya meli ilipokuja. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na duka la video pale sokoni aliipata ikiwa kaseti mbili, kwa sababu moja haikutosha. Ilikuwa imevuma kila mahali. Waliokwenda Nairobi walirudi wakiisimulia, wasichana walikuwa wameshona nguo kama ya yule wa kwenye picha kabla hawajaiona picha yenyewe. Tatizo lilikuwa Kiingereza. Mfanyabiashara alinijia shambani akaniambia akina mama wa sokoni wanataka kuiona na kuielewa, si kutazama midomo tu, na katika Kabati nzima hakuna mwenye ulimi kama wangu. Akasema itakuwa Jumamosi mchana, mwanga wa Mungu, hakuna pombe. Nilikataa. Akarudi. Mara ya pili nilikubali, na ukweli ni kwamba Jumamosi mchana nyumbani kulinitisha. Ndio wakati mke wangu alikuwa akipiga pasi shati langu la Jumapili.

Duka lilijaa. Jenereta ilinguruma nje, mabati yalitoa joto, wengine walisimama madirishani. Kaseti ilikuwa mbaya, ilirekodiwa mahali watu walipokuwa wamekaa, na mara kwa mara kichwa cha mtu kilipita mbele ya bahari. Nilisimama kando ya televisheni na fimbo ya kuonyeshea. Nikawaambia hii ni meli kubwa kama soko lote na mji juu yake. Huyu msichana ni wa watu wenye nafasi, ameposwa na mwanamume huyu mwenye sharubu. Huyu kijana anafanya kazi chini kabisa, anatia makaa motoni.

Nusu ya Kiingereza chao sikukisikia. Niliyoyasikia niliyasema kama yalivyo, na yale nisiyoyasikia nilisema, "Hapa sijasikia." Watu walinizoea kanisani, kwa hiyo nilipoinua mkono kwa mazoea wakaitikia amina, wakacheka wenyewe. Mwuza nyanya mmoja alikuwa akizungumza na yule mwenye sharubu moja kwa moja kwenye kioo. Alimwambia, "Wewe enda ukaoe hiyo meli yako, huyu mtoto muache." Mwenzake akamwambia anyamaze, anamsumbua mkalimani. Nilifurahi, siwezi kuficha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kusikia sauti yangu ikitoka bila kuisukuma.

Kisha kaseti ya pili ikawekwa na maji yakaingia.

Sisi ni watu wa ukame. Maji mengi tunayoyajua ni ya mto wa mchanga ukishuka ghafla, mara moja au mbili kwa mwaka. Nilipoona maji yale yakipanda ngazi, yakipita chini ya milango, nilishusha fimbo. Si maji niliyoyaogopa hasa. Niliogopa kwa sababu nilijua maneno gani yanakuja, na kwamba nitatakiwa kuyasema.

Wengi mlioiona mtajua. Msichana anatiwa ndani ya boti ndogo iliyojaa. Kijana anabaki majini, ameshikilia ukingo, na msichana amemshika mikono. Kila kitu kinatulia. Kijana anaanza kusema. Alisema kwa sauti ndogo, polepole, Kiingereza chepesi, na kwa mara ya kwanza katika picha nzima nilisikia kila neno. Alimwambia kwamba anakufa. Alimwambia mambo ya kufanya baadaye. Msichana naye hakumwambia nyamaza. Alimjibu.

Duka lote lilikuwa linanitazama mdomoni.

Nikasema, "Anasema asiogope. Anasema kuna boti nyingine inakuja."

Kijana akasema tena, marefu. Nikasema, "Anasema anaiona. Iko karibu."

Halafu mikono ikaachana, picha ikawa giza, kaseti ile mbovu ikaonyesha kivuli tu kikienda. Mama mmoja akauliza kwa woga ameenda wapi. Nikamwambia amechukuliwa na watu wa boti ya pili, upande ule wa giza, watakutana nchi kavu. Watu walipiga makofi. Mwuza nyanya alilia kwa furaha. Nilitoka nje kabla mashine haijazimwa, nikaenda nyuma ya duka, nikasimama kando ya jenereta nisisikie makofi.

Ingeishia hapo kama si mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu wa shule yetu ya msingi na karani wa kanisa, mtu msomi, msema kweli, na mimi nilimheshimu. Aliiona picha hiyo Nairobi likizo ya shule. Aliporudi akakuta sokoni watu wanasimulia jinsi kijana alivyookolewa, akacheka hadi akashika nguzo ya duka. Akawaambia yule mtu alikufa, tena alikufa baada ya kuhutubia kama mbunge. Mwuza nyanya akamwambia pengine Nairobi alikufa, lakini hapa Kabati alipona. Mwalimu akamwambia picha ni moja. Yule mama akamjibu kwamba aliyesema alipona ni mkalimani wa kanisa, na mtu yule hawezi kudanganya hata akilala usingizi.

Nilikuwa natengenezewa kiatu hatua kumi kutoka hapo. Nilisikia yote. Fundi aliniuliza kama nina homa.

Jambo hilo likamfika mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mzee mkali lakini wa haki. Yeye hakujali nani alipona. Alichojali ni kwamba washirika waliookoka walikwenda kutazama mapenzi ya kidunia, na kwamba mtu anayesimama kando ya mimbari ndiye aliyewatafsiria. Akatangaza kwamba Jumapili, baada ya ibada, wote watabaki na jambo hilo litasemwa wazi. Nilijua maana yake. Nikikutwa na kosa nitaondolewa kando ya mimbari, mahali pekee nilipokuwa mtu. Lakini nilijua na jambo jingine baya zaidi. Ulikuwa msimu wa palizi, na mama mkwe alikuwa kwangu. Jumapili angekuwa amekaa kati ya akina mama wazee, karibu na jirani yetu mjane, umbali wa benchi chache. Wakiniuliza kwa nini nilibadilisha mwisho, kulikuwa na jibu moja tu.

Wiki ile sikula vizuri. Nilitunga majibu. Ningesema kaseti ilikuwa mbovu, na ilikuwa mbovu kweli. Ningesema sikusikia Kiingereza chao. Kila nilipolishika jibu mojawapo nilisikia kikohozi cha mama mkwe kutoka jikoni.

Jumapili nilitafsiri mahubiri kama kawaida. Nilikimbia na maneno, nami sikuwa na leso ya kuangalia benchi la pili. Ibada ikaisha, watu wakabaki. Mwenyekiti alisema maneno yake, kwamba machozi ya mshirika ni ya kutubia dhambi, si ya kulilia Wazungu walioigiza kufa na kulipwa. Nikatafsiri, maana hakuna aliyesema niache. Kisha akampa mwalimu nafasi. Mwalimu hakuwa na ubaya nami. Alisema tu kwamba picha yenyewe ni ya kitoto, kwamba imeundwa kumliza mtu, na kwamba mahali pa uongo zaidi ni pale mwishoni. Alisema, "Mtu anayekufa hafanyi hotuba. Nimeona watu wakifa. Hawasemi hivyo." Nikatafsiri na hilo.

Mwenyekiti akanigeukia. Akauliza, "Ndugu mkalimani, tuanzie kwako. Yule mtu alipona au alikufa?"

Majibu yangu yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema kwa Kiswahili kwamba alikufa. Nikasema nilijua anakufa, nilisikia kila neno, nikabadilisha. Upande wa wanaume kulikuwa na mnong'ono. Mwenyekiti akauliza kwa nini, na sasa sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya kushangaa.

Nikawaambia. Nilisema kwa Kiswahili, haraka haraka, macho kwenye sakafu. Kwamba daktari alimwambia mke wangu anakufa nami nikamwambia atapona. Kwamba alitaka kumwita mama yake nikamzuia. Kwamba mwalimu anasema kweli, wanaokufa hawasemi hivyo, wangu hakusema hivyo, lakini hakusema kwa sababu mimi nilimnyang'anya nafasi. Nikasema ile picha imesemwa kuwa ya uongo, lakini mahali pale ndipo pa kweli kuliko pote, kwa sababu wale wawili hawakudanganyana. Mmoja alisema nakufa, na mwingine akasikia. Nikasema kwamba mwongo katika ile picha alikuwa mmoja tu, na alikuwa amesimama kando ya televisheni na fimbo.

Nilimaliza nikainua macho. Waliojua Kiswahili walikuwa wameinamisha vichwa. Nikafikiri imekwisha.

Ndipo jirani yetu, yule mjane, aliposema kutoka mabenchi ya akina mama wazee, "Mkalimani, umesema nini? Sisi hatujasikia."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alinitazama, na nadhani angenionea huruma akamwita mwalimu atafsiri badala yangu. Alianza hata kuinua mkono. Lakini ilikuwa kazi yangu. Nilishika mbao za mimbari. Nilikuwa nimesema ukweli kwa lugha ambayo mama mkwe hakuijua, na moyo wangu ulikuwa umechagua hivyo bila kuniambia. Sasa ilibidi nirudie yote kwa Kikamba, lugha ile ile niliyomdanganyia mwanawe.

Usiongeze, usipunguze.

Niliugeukia ukuta wa upande, kwa heshima yake, nisimkabili. Nikasema polepole, neno kwa neno. Nilipofika mahali pa kumwita mama kutoka Mbooni, mtu mmoja upande wa wanawake alitoa sauti kama aliyepaliwa na moshi. Sikugeuka. Nikamaliza. Nikasubiri nisikie benchi likisogea, au mlango, au laana. Mkwe akilaaniwa na mama wa mkewe hana pa kwenda.

Kulikuwa na kunong'ona huko nyuma, muda mrefu. Halafu jirani akasimama. Akasema, "Mama anasema, muulizeni mkwe wangu, yule mwanamume ndani ya maji alisema nini."

Sikuelewa mara moja. Mwenyekiti naye hakuelewa. Akauliza kama ni lazima, hapa kanisani. Jirani akainama, akasikiliza, akainuka. "Anasema yeye amekuja kutoka Mbooni mara nyingi kuuliza mtu alisema nini, na hajawahi kuambiwa. Anasema, basi na aambiwe ya huyu."

Mwenyekiti akakaa chini. Akafanya ishara kwamba niendelee.

Kwa hiyo niliitafsiri picha ya meli mara ya pili, kanisani, mbele ya ukuta wa tofali, bila picha. Nilisema yule kijana alimwambia, mimi nakufa, usijifanye hujui. Alimwambia, utafika nchi kavu, utakula chakula, usione aibu kula. Alimwambia, mtafute mama yangu. Umwambie sikuogopa. Halafu akajirekebisha, akasema, hapana, usimdanganye, mwambie niliogopa, lakini kulikuwa na mtu amenishika mikono. Na msichana akamjibu, nitamwambia hivyo hivyo. Akamwuliza kuna nini kingine. Kijana akasema, koti langu lina kitufe kimoja kimelegea, ulishone kabla hujampa mtu. Akasema sasa mikono siisikii. Msichana akasema, mimi ninaisikia. Kisha kijana akafa.

Neno hilo la mwisho nililisema. Sikuwa nimelisema kwa Kikamba tangu mke wangu alipoondoka. Nilikuwa nikisema amelala, ametangulia, ametuacha.

Nyuma yangu akina mama wazee walikuwa wakilia, si kama sokoni, bila sauti. Mama mkwe hakulia. Nilimsikia akikohoa kile kikohozi chake. Akamwambia jirani jambo, na jirani akasimama kwa mara ya mwisho. Alimtazama mwalimu, si mimi.

"Anasema, mwambieni mwalimu maneno hayo si mengi."

Wazee waliniondoa kando ya mimbari Jumapili hiyo hiyo. Mwenyekiti alisema mkalimani anaweza kusamehewa lakini hawezi kuaminiwa upesi, na alikuwa sawa. Mwalimu ndiye aliyeshika nafasi yangu. Alitafsiri vizuri, ila kwa haraka, na mimi nilikaa benchi la nyuma nikitamani mtu ampanguzie midomo. Nami nilirudishwa baadaye, kwa kazi ndogo, matangazo tu.

Mama mkwe alimaliza palizi ya bonde ndipo akarudi Mbooni. Hakutuma neno lolote kwangu, la kunisamehe wala la kunilaani, na sikumtuma mtu kuuliza. Msimu uliofuata alishuka tena. Asubuhi ya kwanza nilisikia kikohozi chake uani. Nilibaki ndani kama zamani, nikangoja apite.